Mwanamke mwenye nywele nyekundu kwenye daftari la mpwa wako

*"Namlea mpwa wangu wa miaka 15, yuko kidato cha pili. Alihamia kwetu Morogoro kutoka Tanga mwaka juzi, dada yangu alipofariki. Msibani alikuwa jasiri, hakulia hata mara moja. Siku hizi akitoka shule ni chumbani na simu, anaangalia katuni za Kijapani. Bando la wiki linakwisha kwa siku mbili. Anapindapinda vidole kama anafanya ishara za siri, anatamka maneno ya Kijapani, na yuko kwenye grupu la watu ambao hajawahi kuonana nao lakini anawaita 'wanangu'. Ana daftari zima la michoro. Kuna mwanamke mmoja mwenye nywele nyekundu ndefu, kamchora zaidi ya mara ishirini. Wiki iliyopita nilimkuta saa nane usiku analia mbele ya simu kwa ajili ya katuni inayoitwa Naruto. Darasani ameshuka kutoka nafasi ya 6 hadi ya 31. Jirani yetu anasema ni mambo ya kishetani, daftari lichomwe. Mke wangu anasema nimnyang'anye simu tu. Mtoto mkubwa kama huyu anatafuta nini kwenye katuni? Nifanye nini?"*

Kaka yangu, pole kwa msiba wa dada. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Hofu yako naielewa hivi: umeachiwa mtoto wa marehemu, unamwona anakuponyoka, na kila mtu ana jina la kile kinachomvuta. Jirani anakiita shetani, mkeo anakiita simu. Nafasi ya 31 na saa nane ya usiku ni mambo mazito, nitayarudia. Lakini naanza na huyo mwanamke wa kwenye daftari, kwa sababu unashauriwa kulichoma, na kilichoungua hakirudi.

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha mashuleni miaka mingi, na kazi hiyo imenifanya niangalie Naruto epsodi nyingi kuliko ninavyoweza kukiri mbele ya mume wangu. Ilianza kama hadithi ya picha ya mchoraji Masashi Kishimoto, iliyotoka kila wiki kwenye jarida la vijana huko Japani kuanzia 1999 hadi 2014. Kwenye televisheni ilianza 2002 ikaisha 2017, jumla ya epsodi 720. Naruto ni mtoto yatima. Wazazi wake walikufa siku ileile aliyozaliwa, wakikikinga kijiji dhidi ya mbweha mkubwa mwenye mikia tisa, na huyo mbweha akafungiwa ndani ya mwili wa mtoto. Kwa hiyo kijiji kizima kinamwogopa. Wazazi wanawakataza watoto wao kucheza naye, na hakuna anayemwambia sababu. Anaishi peke yake, na anafanya utundu ili angalau watu wamgombeze.

Baadaye sana, mamia ya epsodi mbele, Naruto anakutana na mama yake. Si kwamba mama amefufuka; ni chembe ya nguvu zake aliyoiacha ndani ya mwanawe, na wanapata muda mfupi tu wa kuzungumza. Jina lake Kushina. Ana nywele nyekundu, ndefu mno.

Hadithi inaonyesha pia wosia aliouacha akikata roho. Anamwambia mtoto mchanga ale vizuri na asichague chakula, aoge, atafute marafiki hata kama ni wachache, mradi wawe wa kuaminika. Na asikeshe. Ndiyo, asikeshe. Mpwa wako huenda alikuwa anayasikia maneno hayo saa nane ya usiku.

Sijaliona daftari, kwa hiyo siapi kwamba ndiye. Ila mtoto aliyefiwa na mama, asiyelia msibani, kisha akakutwa analia mbele ya Naruto na kuchora mwanamke mwenye nywele nyekundu mara ishirini, mimi kwake sianzi na shetani.

Umesema msibani alikuwa jasiri. Nimehudhuria misiba mingi ya aina hiyo. Mvulana wa miaka 13 anashikwa bega na wajomba na baba wadogo, kila mmoja anamwambia "jikaze, wewe ni mwanaume". Anajikaza. Matanga yakianuliwa watu wanarudi makwao wakisifu jinsi mtoto alivyopokea kwa nguvu. Yeye anafungasha nguo na kuhamia mji mwingine, shule nyingine, nyumba ambayo hata sauti ya sufuria jikoni si ile aliyoizoea. Machozi yale hayakukauka, yalikosa mahali pa kutokea. Na mtoto haombolezi kama sisi. Anaomboleza kwa vipande: leo anacheza mpira na kucheka, kesho harufu ya pilau inamfunga koo. Kila akipanda hatua ya umri anaupokea msiba upya, kwa akili mpya.

Hadithi inampa umbali. Kumlilia mama yake mwenyewe kunatisha, pengine anaona ni kukuvunjia moyo wewe unayemlea. Kumlilia mama wa Naruto kunawezekana, maana mtu akimkuta anaweza kusema ni katuni tu. Wewe mwenyewe umeandika "kwa ajili ya katuni". Isitoshe, mashujaa wa hadithi hizi ni wavulana wanaolia hadharani, kwa kamasi na kwikwi, kisha wanainuka wanapigana. Ni wapi pengine mpwa wako amemwona mwanaume wa kupigiwa mfano akilia hivyo?

Neno katuni ndilo linalotuchanganya watu wazima. Sisi katuni zetu zilikuwa Madenge kwenye gazeti la Sani, kichekesho cha ukurasa mmoja, kimeisha. Kwa Wajapani michoro ni chombo cha kupitishia hadithi ya kila aina, kama vile kitabu au filamu. Ziko za watoto wadogo, za wavulana, za wasichana, na za watu wazima ambazo hata mimi nilizizima katikati. Majarida yao yanazigawa kwa wasomaji: shonen ni za wavulana, shojo za wasichana, seinen za wanaume watu wazima. Naruto ni shonen. Na wala si jambo jipya kwa Waswahili wote: ndugu zetu waliokulia Maskati wataniunga mkono kwamba walimjua Kapteni Majid kwa Kiarabu, wakadhani ni Mwarabu, kumbe ni Tsubasa, mchezaji mpira wa katuni ya Kijapani.

Kinachowashika vijana wa umri wa mpwa wako, kwa nilivyoona mimi, kwanza ni ule urefu wa hadithi. Naruto anaanza akiwa mtoto anayefeli mtihani wa darasa lake mara tatu, na unamfuata mpaka anakuwa mtu mzima. Anafanya mazoezi, anashindwa, anafundishwa tena. Kijana wa miaka 15 naye yuko katikati ya jambo hilohilo. Mwanasaikolojia Erik Erikson alieleza kwamba kazi kubwa ya ujana ni kujibu swali la mimi ni nani, na anayekosa jibu hutangatanga. Filamu ya saa mbili inampa shujaa aliyekamilika. Hizi zinampa mtu anayeendelea kukamilika, tena polepole, huku tukiyasikia mawazo yake ya ndani kwa sauti. Adui naye anapewa utoto wake, tunaoneshwa aliumizwa wapi. Vijana wanapenda sana jambo hilo. Wamechoka kuambiwa huyu mbaya huyu mzuri.

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wawili wa Marekani, Horton na Wohl, walilieleza mwaka 1956 walipokuwa wakichunguza watazamaji wa televisheni: mtu anaweza kujenga uhusiano wa upande mmoja na mtu anayemwona kwenye kioo, akamjua, akamwonea huruma, na yule wa kwenye kioo asijue hata kama yupo. Kabla hujashangaa, jiulize Simba au Yanga, yoyote unayoishabikia, ikifungwa chakula kinapita? Hujawahi kula na mchezaji hata mmoja wa timu hiyo. Ni moyo uleule wa binadamu, na peke yake si ugonjwa.

Sasa grupu. Shuleni mpwa wako ni mgeni, na pengine anajulikana kama yule aliyefiwa. Kwenye grupu hakuna anayemwonea huruma. Huko anahesabiwa kwa anachokijua: nani ana nguvu kuliko nani, epsodi zipi ni za kujazia na zinafaa kurukwa, mchoro wa nani umetulia. Mtoto aliyepoteza cheo cha kuwa mwana wa mama fulani wa Tanga amepata cheo kingine. Hata hayo maneno ya Kijapani ni kama lugha ya kijiweni, yanatenganisha wa ndani na wa nje, kama sisi tulivyokuwa na misemo yetu iliyowaudhi wazee. Ushabiki huu una mizizi mirefu ya watu kukutana na kutengeneza vitu: soko la wachoraji wasio rasmi la Comiket lilianza Tokyo mwaka 1975 na watu mia kadhaa, leo linavuta mamia ya maelfu. Karibu na sisi, Nairobi kuna mkutano wa NAICCON ambako vijana wanavaa mavazi ya wahusika, wanaita kosplei, na wachoraji wa Kenya wanauza kazi zao.

Ishara za vidole nadhani umeshaanza kuzihisi. Kwenye Naruto ni mihuri kumi na miwili yenye majina ya wanyama wa kalenda ya Mashariki: panya, ng'ombe, chui milia, sungura na kuendelea. Watoto wanashindana kuifanya haraka, kama sisi tulivyoiga mateke ya Bruce Lee tukitoka kwenye kibanda cha video. Sitakuficha, hadithi za Kijapani zimejaa mizimu na miungu ya Kishinto na mambo ya Kibudha, na kama nyinyi ni watu wa dini mna haki ya kukaa na mtoto mkazungumza mnaamini nini na hadithi inasema nini. Mazungumzo hayo ni mazuri. Lakini hadithi zetu za zimwi na majini tumezisikiliza vizazi na vizazi, na waliozisikiliza walikua wakawa mashehe na wachungaji.

Mwambie jirani pia kwamba Wajapani wenyewe waliipitia hofu yake. Mwaka 1989 alikamatwa muuaji wa watoto wanne wa kike, chumbani kwake kukakutwa maelfu ya kanda za video, zikiwamo za katuni. Magazeti yakambandika jina la otaku, yaani shabiki aliyezama, na kwa miaka mingi kila kijana wa Japani mpenda katuni alitazamwa kwa jicho la kumshuku. Mamilioni ya mashabiki wengine hawakumuua mtu. Leo serikali ya Japani yenyewe inazitangaza anime, yaani hizo katuni za Kijapani, kama fahari ya nchi.

Nikishamtetea hivyo, nirudi kwenye nafasi ya 31. Hapo sina utetezi, na anayekwambia ni upepo utapita anakudanganya. Mwaka huu ana mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Kijana wa umri wake anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10, na mwili wa kijana kwa maumbile huchelewa kusinzia kuliko wetu. Ongeza simu. Epsodi ina kama dakika 24, inaishia pale hasa mtu anapotaka kujua kinachofuata, na nyingine inajianzisha yenyewe. Hakuna mahali pa kuegesha. Anayelala saa tisa na kuamka saa kumi na moja na nusu hawezi kushika hesabu hata akiwa na akili ya kuzaliwa. Nikiulizwa kilichomshusha darasani, nataja kukosa usingizi na msiba usioombolezwa kabla sijamtaja Naruto.

Je, ni uraibu? Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa michezo ya video kwenye orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Kuangalia katuni hakumo humo. Kipimo changu mimi ni maisha yanayozunguka kitu chenyewe: anakula? anacheka na mtu yeyote? anaweza kuacha kwa jioni moja mkienda harusini bila nyumba kuwaka moto?

Kumnyang'anya simu, kama anavyoshauri mkeo, kutamlaza mapema, hilo nakubali. Ila kwa siku moja utakuwa umemtoa kwa marafiki wote alionao na kwa yule mwanamke wa nywele nyekundu, na kwa mtoto ambaye tayari alishaondolewa kila kitu kwa siku moja, somo atakalolipata silo unalokusudia. Atatafuta simu ya rafiki. Kumwachia tu nako hapana, usingizi hautajirudisha wenyewe. Mimi ningekwenda katikati, na ningeanza na usiku peke yake. Simu inachajiwa sebuleni kuanzia saa nne, na ya kwako na ya mama wa nyumba pia ziwe hapo, vinginevyo ni adhabu. Hesabu kwa epsodi, usihesabu kwa saa. Ukimwambia "zima sasa hivi" unamkatiza katikati ya sentensi. Ukimwambia "mbili leo, Jumamosi nne" anapanga mwenyewe zipi. Bando mpangie kiasi cha wiki, likiisha limeisha. Matokeo ya darasani usiyatarajie mwezi huu. Tarajia kwanza aamke bila kugombezwa.

Grupu usilifute, ila ulijue. Muulize ni akina nani, umri gani, wanazungumza nini, kwa sauti ileile unayomuulizia wenzake wa shule. Wengi ni watoto kama yeye. Wapo pia watu wazima wanaojificha humo, na dalili zao ni zilezile popote: anataka wahamie kuchati pembeni, anaomba picha za mwili, anatuma zawadi au hela, anasisitiza iwe siri. Mwambie mapema kwamba likitokea atakuja kwako na hatapigwa. Na ulijue neno moja, hentai: ni ngono ya kuchora, iko tele kwenye intaneti, na mtoto anayetafuta anime kwenye tovuti za wizi anaweza kuangukia huko bila kukusudia. Zungumza naye kama mjomba. Kwa mila zetu nyingi kazi hiyo ilikuwa yako tangu zamani.

Kuna hali ambazo mimi wa kujibu kwa maandishi sitoshi. Akiacha hata Naruto, yaani kile alichokipenda kisimfurahishe tena, wiki mbili zikapita hivyo. Akikonda, au akikaa macho hata bila simu. Akisema afadhali na yeye angekufa, au anataka kumfuata mama, hata kama amesema kwa mzaha. Akijikatakata. Ukigundua kuna mtu mzima anamsumbua mtandaoni. Katika hali yoyote kati ya hizo mpeleke kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa. Akizungumzia kifo, nenda siku hiyohiyo na usimwache peke yake. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, Tanzania na Kenya, na wewe mlezi unaweza kuipiga. Hata yasipotokea hayo, mwone mwalimu wa ushauri na unasihi shuleni kwake umweleze habari ya msiba. Mara nyingi nimekuta walimu hawajui kabisa.

Kabla ya hayo yote, Jumamosi hii mwombe akuoneshe epsodi ya kwanza. Usiulize inafundisha nini. Mwangalie mwalimu Iruka. Naye alifiwa na wazazi wake wote wawili katika shambulio lilelile la mbweha, na ndiye mtu mzima wa kwanza kumwambia Naruto kwamba anajua upweke ule ulivyo. Anampeleka kula supu ya tambi, anamgombeza, anamkinga. Mpwa wako amekaa na epsodi hiyo muda mrefu, anajua kila mtu ndani yake ni nani katika maisha yake. Pengine ataona aibu, atasema utachoka. Wewe kaa.

Na daftari usilichome, wala usilipekue akiwa shuleni. Mwombe akuoneshe. Mkifika kwa yule mwanamke muulize ni nani, kisha umsubiri, hata kama atachukua muda mrefu kujibu. Akikwambia, unaweza kumsimulia dada yako alipokuwa na miaka 15 alikuwaje. Hilo hakuna epsodi inayoweza kumpa, na nyumbani humo ni wewe tu unayelijua.